Maiki Tatu, Punda Mmoja

Nimezipanga zidakani, pale
bibi alipoweka bakuli zake za Kichina.
Nimeziandika nambari shingoni kwa wino,
maana gizani ni mapacha:
kichwa kile kile cha wavu, kiuno kile kile,
uzito wa chupa ya simsim iliyojaa.

Na ndani, nilizifungua, ni udugu mtupu:
utando kama ganda la kitunguu,
koili nyembamba kuliko uzi wa kofia ya vito,
na sumaku.
Hazingoji umeme ziamke. Zangoja pumzi.

Ya kwanza niliinunua Mombasa, risiti ninayo,
elfu kumi na nane. Mke wangu anajua kumi.
Ya pili ilitoka katika katoni ya Badi,
jina la kampuni limekosewa herufi moja.
Ya tatu imekula arusi za Langoni miaka kumi na minne,
wavu umebonyea tangu siku ilipoanguka
ngazini kwa akina Famau
ikaendelea kusema.

Mwanate amekuja baada ya laasiri.
Ametazama magodoro niliyoegemeza ukutani,
blanketi juu ya dirisha.
"Wataka niimbe au nilale?"

Nilitaka asome. Nimemwandikia upuuzi
wenye kazi yake sikioni:
"Papa wa Pate apapatika pwani.
Shee ashika shoka, shoka lashika kutu.
Nyumba ya ng'ombe ina nyungunyungu."

Ya kwanza: papa aliruka nikamwona meno.
Safi. Safi hata nikasikia
pengo la jino lake la juu,
kaupepo kanakopita kila afikapo kwa Shee.
Mwanate akavua visikizi.
"Nani huyo bibi kizee?"

Ya pili: Shee alimwagiwa mchanga.
Juu kumechongoka, kifuani hamna mtu,
chai ya majani yaliyochemshwa jana.
Lakini ng'ombe, wallahi, ng'ombe aliingia mzima
na nyumba yake.

Ya tatu ilimsamehe. Sina neno jingine.
Iliziba pengo, ikamnenepesha sauti,
ingawa kila papa alipopapatika
mlango ulijibamiza mahali.
"Hiyo," akasema, "hiyo ndiyo mimi."
Nikamwambia: si wewe, ni mazoea yako.
Akanitazama kama nimemdai pesa.

Basi akaukabili ukuta, nikamchezea bila kutaja nambari.
Akachagua ya pili.
Nikachanganya. Akachagua ya kwanza, akaapa.
Nikachanganya tena. Akanyamaza, kisha akauliza:
"Katika hizi, wapi nilikuwa karibu?"

Hapo nikajishika kichwa.
Ile mbovu huiweka mdomoni kama apulizaye kaa.
Ile ya Mombasa aliistahi kwa bei yake,
akaiacha shubiri nzima.

Tukarudia. Vidole vitatu kwa zote,
vidole vyangu, si vyake.
Tofauti haikufa. Ilipungua,
ikawa kama ya mchuzi wenye chumvi
na mchuzi uliosubiri chumvi.
Pengo la jino likabaki kwa ya kwanza.
Akalisikiliza mara mbili, hakucheka.

Ijumaa ataimba arusini na iliyobonyea;
spika za uwanjani haziulizi habari za meno.
Ya Badi nimempa mwana wa dada yangu atangazie mpira.
Ya kwanza itabaki humu, ya kunasia,
na Mwanate atarudi
akishapita kwa daktari, au asipopita.

Usiku nimezisikiliza tena zote.
Katika kila moja, mahali fulani,
kupitia blanketi, magodoro na jiwe la ukuta,
punda analia kichochoroni.
Nimerudia, nimerudia, mpaka mke wangu
akaja, akavaa visikizi bila kuomba,
akafumba macho.

"Punda ni wa akina Famau," akasema.
"Na hii ya kwanza
si ya elfu kumi."